Mtungi wa Lodwar, Mtungi wa Mombasa

Tuseme mfinyanzi mmoja ametengeneza mitungi miwili kwa udongo uleule na kuichoma katika moto uleule. Mmoja unapelekwa Lodwar, wa pili Mombasa. Yote miwili inajazwa maji na kuwekwa kivulini, na alasiri mtu anachota kikombe kutoka kila mtungi. Maji ya wapi yatakuwa baridi zaidi? Wengi watakimbilia kusema Mombasa, kwa kuwa Lodwar ni miongoni mwa miji yenye joto kali zaidi nchini Kenya. Wamekosea. Maji hupenya kwenye vitundu vidogo vya udongo, yakafika nje na kugeuka mvuke, na mvuke huo unapoondoka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka na hewa yake ni kavu. Huufyonza mvuke huo upesi. Hewa ya pwani imekwisha kushiba unyevu wa bahari, kwa hiyo mtungi wa Mombasa hutoka jasho tu bila kupoa sana.

Swali hili linapita katika nyanja tatu kwa mpigo. Msomaji anatakiwa kuielewa lugha yake, kuijua sayansi ya mvuke, kisha kuwa na subira ya kulikataa jibu la kwanza linalomjia. Hivyo ndivyo yalivyo majaribio ya maarifa ya jumla na ya uwezo wa kufikiri ambayo vijana wa Afrika Mashariki huyafanyia mazoezi mwaka mzima, kwenye vitabu vya marudio, mitihani ya mwigo na karatasi za miaka iliyopita zilizorudufiwa mpaka maandishi yakafifia. Lakini swali la mtungi lina ajabu nyingine: mtoto wa Lodwar analijua jibu kwa kiganja chake, na bado anaweza kulikosa kwenye karatasi.

Turkana ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hilo. Kaunti hii ilikuwa na watu 926,976 kwa sensa ya 2019, wengi wao wafugaji, na ndani yake kuna kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992 vijana waliokimbia vita vya Sudan walipowasili kwa miguu, pamoja na makazi jirani ya Kalobeyei. Kati ya Lodwar na Kakuma ni kilomita kama 120. Mtoto wa mfugaji na mtoto wa mkimbizi hufuata mtaala mmoja wa Kenya na kufanya mtihani uleule anaofanya mtoto wa Nairobi: KPSEA katika gredi ya sita tangu 2022, KJSEA katika gredi ya tisa tangu 2025, na KCSE mwishoni mwa sekondari tangu 1989. Baadaye hukutana na majaribio ya ufadhili wa masomo na ya kazi, yenye mafumbo ya hesabu, michoro ya kukamilisha na vifungu vya ufahamu vya kusomwa mbio huku saa ikihesabu.

Je, karatasi hizo zinapima akili, zinapima shule, au zinapima mazoea ya kukutana na karatasi?

Kenya imewahi kulijibu swali hili kwa vitendo, ingawa wengi wamekwisha kusahau. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 mtoto alimaliza shule ya msingi kwa mtihani wa CPE, uliokuwa na karatasi tatu: Kiingereza, hisabati, na karatasi ya maarifa ya jumla iliyochanganya historia, jiografia na sayansi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Anthony Somerset alizichambua karatasi hizo swali baada ya swali. Aligundua kuwa sehemu kubwa ilidai kumbukumbu tupu, na kwamba maswali kadhaa yalimpendelea mtoto wa mjini aliyesoma shule ya gharama kubwa, kwa kuwa yaliegemea mambo ambayo mtoto huyo aliyaona nyumbani kwao. Mwaka 1972 ripoti maarufu ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini Kenya nayo ilitaka mitihani ibadilishwe, kwa sababu wengi wa watoto waliokuwa wakiifanya hawangefika sekondari na walihitaji kutoka shuleni na ujuzi wa kuwafaa maishani.

Mabadiliko yakaja. Kuanzia katikati ya muongo huo, watungaji waliongeza maswali ya kufikiri na ya kutumia maarifa katika mazingira ya kijijini. Jambo la pili lilikuwa la maana zaidi kwa maoni ya mwandishi huyu: shule zilianza kutumiwa jarida la kila mwaka lililoeleza ni maswali gani yaliwashinda watoto, ni jibu gani la uongo liliwavutia wengi, na mwalimu afanye nini darasani. Pengo kati ya wilaya lilipanuka kwanza, kwa kuwa shule zenye nguvu huwahi kila jambo jipya. Baada ya miaka michache likaanza kupungua, na wilaya nyingi zilizokuwa mkiani zikasogea mbele. Watoto ni walewale, umaskini ni uleule. Kilichobadilika ni swali, na habari iliyomfikia mwalimu.

Kisha, pamoja na mfumo wa 8-4-4, ikaja KCPE, mtihani mpya wa mwisho wa shule ya msingi, mwaka 1985. Ilianza na alama 700, baadaye ikapunguzwa hadi alama 500 kwa masomo matano, na ikatawala maisha ya Wakenya mpaka mwaka 2023. Karibu nayo yote ilikuwa ya maswali ya kuchagua: maswali 50 katika karatasi nyingi, majibu manne kwa kila swali, penseli ya HB na karatasi ya kutia kivuli. Utamaduni mzima ulizaliwa hapo. Vitabu vya marudio vya Malkiat Singh vilipita mikononi mwa kizazi kizima. Shule zikawa na mtihani wa kufungua muhula, wa katikati na wa kufunga, kisha wa zoni, kisha wa mwigo. Waliokata tamaa wakaandika mwakenya, vikaratasi vya kufichwa kwenye soksi, ambavyo vilikuwa na wasomaji makini kuliko magazeti mengi.

Hesabu ya kubahatisha inafundisha kitu hapa. Mtoto asiyejua lolote, akitia vivuli kwa macho yaliyofumbwa, atapata kwa wastani maswali 12 au 13 kati ya 50. Akiweza kuyaondoa majibu mawili ya uongo katika kila swali na kubahatisha kati ya yaliyobaki, atapata 25. Hajaongeza maarifa ya somo hata chembe, lakini alama zake zimekuwa maradufu. Mbinu hii ya kuondoa ndiyo inayouzwa na tuisheni nyingi za mijini, na ndiyo hasa mtoto wa shule ya mbali hajawahi kuonyeshwa. Sehemu ya tofauti ya alama kati ya kaunti ni tofauti ya nani kafanya mazoezi ya namna hiyo, kabla hata hatujazungumzia madawati na vitabu.

Hata hivyo kuna mazoezi na mazoezi. Turudi kwenye mtungi na kuupa majibu manne: Mombasa kwa sababu hewa yake si ya moto sana, Mombasa kwa sababu ya upepo wa bahari, Lodwar kwa sababu hewa ni kavu, kote sawa kwa sababu udongo ni mmoja. Watungaji mitihani huyaita majibu ya uongo vipotoshi, na kipotoshi kizuri hubeba kosa ambalo mtoto halisi angelifanya kwa akili yake mwenyewe. Jibu la upepo ni zuri kwa namna hiyo, maana upepo kweli husaidia maji kukauka, ila haushindi unyevu uliojaa hewani. Mwalimu anayeuliza darasa kwa nini jibu hilo linavutia, na lingekuwa sahihi katika hali gani, anafundisha sayansi. Anayesoma kwa sauti "namba kumi na saba, C" kisha akaendelea na namba kumi na nane, anafundisha kutia vivuli. Lakini mwalimu huyu wa pili asilaumiwe haraka. Huko Kakuma darasa lenye zaidi ya watoto 100 si jambo la kushangaza, na mjadala wa kila jibu kwa umati huo wataka mapafu na muda ambao ratiba haina.

Lugha ndiyo mlango unaobana kuliko yote. Mtoto wa Kiturkana huanza maisha kwa Ng'aturkana, akakutana na Kiswahili sokoni na shuleni, kisha akajikuta anafanya hisabati na sayansi kwa Kiingereza. Karatasi ya sayansi kwake ni jaribio la kusoma kwanza. Anaweza kuwa ameuona mvuke, ameugusa mtungi, ameyachota maji kwenye mchanga wa laga, yaani mto mkavu wa msimu, lakini neno la Kiingereza la tendo hilo likimpotea, alama imepotea nalo. Katika upimaji wa Uwezo, ulioanza 2009 na kuwafuata watoto wa miaka 6 hadi 16 majumbani kuwapa kazi ya kiwango cha darasa la pili, ilionekana mara kwa mara kwamba kitaifa ni kama watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioimudu kazi hiyo. Maeneo kame ya kaskazini yalikuwa nyuma zaidi.

Kakuma huongeza tabaka jingine. Darasa moja laweza kuwa na watoto kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia. Mwaka 2020 Benjamin Piper, Sarah Dryden-Peterson na wenzao walichapisha utafiti wa usomaji wa madarasa ya chini kambini humo, na walichokikuta kilisikitisha: uwezo wa kusoma Kiingereza na Kiswahili ulikuwa chini sana, chini kuliko wa watoto wenzao wa Kenya.

Mtu angedhani watoto wa Kivu, mashariki mwa Kongo, wangepata ahueni katika karatasi ya Kiswahili, kwani wamekuja nacho kutoka nyumbani. Ahueni ipo katika maongezi. Kwenye karatasi, Kiswahili cha Bukavu chenye "batoto" na "niko nasoma" huhesabiwa makosa. Karatasi ya KCPE ilikuwa na mpangilio uliozoeleka: maswali 15 ya kujaza nafasi katika vifungu, mengine 15 ya sarufi na msamiati, kisha vifungu viwili vya ufahamu. Katika yale 15 ya katikati ndimo zilimojificha ngeli, nomino za makundi, tanakali za sauti na vikembe. Mtoto wa Turkana aliyezaliwa kati ya ngamia hukariri kwamba mtoto wa ngamia ni nirigi, neno ambalo wasemaji wengi wa Kiswahili huishi na kufa bila kulitumia. Mwenzake wa Nairobi hajawahi kumwona ngamia ila kwenye picha, na amelikariri vilevile. Swali la namna hiyo linapima daftari la nani limejaa. Vifungu vya ufahamu vilikuwa na haki zaidi, kwa kuwa jibu limo ndani ya kifungu na kila mtahiniwa amepewa kifungu kilekile.

Wanasaikolojia wamelizunguka swali la nini hasa majaribio hupima kwa karibu miaka mia. Aleksandr Luria alipowahoji wakulima wa Uzbekistan mwaka 1931 na 1932, aliwaambia kwamba kaskazini ya mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe, na kwamba mahali fulani pako kaskazini ya mbali. Dubu wa huko wana rangi gani? Wengi wasiosoma shule walikataa kujibu jambo wasiloliona kwa macho. Huko Liberia, mwanasaikolojia Joseph Glick aliwapa Wakpelle vitu vya kupanga, nao wakaweka kisu pamoja na chakula kinachokatwa, wakisema mtu mwenye busara angefanya hivyo. Alipouliza mpumbavu angepangaje, wakapanga vyakula upande mmoja na vifaa upande mwingine, jinsi hasa kitabu cha saikolojia kinavyotaka. Uwezo wa kupanga kwa makundi walikuwa nao tangu mwanzo. Wasichokuwa nacho ni habari kwamba mtafiti anataka jibu la mpumbavu.

Karibu zaidi na nyumbani, Robert Sternberg na wenzake walifanya utafiti Usenge, kando ya Ziwa Victoria, wakauchapisha 2001. Waliwapima watoto wa Kiluo ujuzi wa dawa za miti shamba, kisha wakawapa majaribio ya kawaida ya msamiati na kufikiri. Watoto waliozijua dawa vizuri zaidi walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati wa shule. Maelezo waliyoyatoa ni rahisi: saa za mtoto ni zilezile 24, na familia huchagua mahali pa kuziweka. Kwa mfugaji wa Turkana uchaguzi huo si wa nadharia. Mvulana anayejua kusoma nyayo za mbuzi aliyepotea, na aliyekaa karibu na wazee waliokalia vigoda vyao vya ekicholong wakicheza bao la vishimo mchangani, amefanya mazoezi ya mantiki miaka mingi bila kutia kivuli hata kimoja.

Kutokana na tafiti kama hizi huja pendekezo la haraka: waandikieni watoto wa Turkana maswali ya Turkana. Lina ukweli, lakini halitoshi, na lina hatari ya kumfungia mtoto katika boma la nyumbani. Mtihani wa taifa hauwezi kuwa wa mbuzi na laga tu, kama ambavyo haupaswi kuwa wa lifti na taa za barabarani tu. Tena, mtoto wa Kakuma aliyezaliwa kambini huenda hajawahi kuchunga mbuzi kabisa. Kinachohitajika ni kwamba mazoezi yaanzie pale mtoto anapokanyaga, kisha yamtoe nje hatua kwa hatua.

Kwa mazoezi ya namna hiyo Turkana ni tajiri kuliko kaunti nyingi. Zana za mawe za zamani zaidi zinazojulikana duniani, zenye miaka takriban milioni 3.3, zilipatikana Lomekwi, magharibi mwa ziwa, na kutangazwa 2015. Mifupa ya Mvulana wa Turkana ilianza kuonekana Nariokotome mwaka 1984 kwa jicho kali la Kamoya Kimeu. Ziwa lenyewe lilibadilishwa jina kutoka Rudolf mwaka 1975. Jomo Kenyatta, ambaye kila mwanafunzi hukariri kwamba alihukumiwa Kapenguria, alifungwa Lokitaung na kisha kuhamishiwa Lodwar mwaka 1959, kabla ya kupelekwa Maralal mwaka 1961. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli cha kupatwa kwa jua kilipita juu ya ziwa. Na kando ya ziwa hilo kuna chuo cha Startup Lions, kilichokamilika 2021, ambacho msanifu Francis Kéré alikipa minara ya kutoa hewa iliyoigwa kwenye vichuguu vya mchwa.

Kila kimoja kati ya hivi chaweza kuwa swali la kukariri au swali la kufikiri. "Chuo cha Startup Lions kilisanifiwa na nani?" ni la kukariri. "Kwa nini minara hiyo ni mirefu, na kwa nini matundu ya kuingiza hewa yako chini?" humlazimu mtoto kukumbuka kwamba hewa yenye joto hupanda, ikaacha nafasi ya hewa baridi kuingia kwa chini, na mtoto aliyewahi kuchezea kichuguu ana pa kuanzia. Kenyatta naye anaweza kutoka kwenye orodha ya tarehe: kwa nini serikali ya kikoloni ilichagua Turkana kuwa mahali pa kumficha mtu? Jibu lake linagusa barabara, maji, umbali na siasa.

Hesabu za Kakuma zina ukali wake. Kuanzia 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitoa sehemu ya msaada kupitia Bamba Chakula, pesa za simu zilizotumika kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Mgao umekatwa zaidi ya mara moja fedha za wafadhili zilipopungua. Mtoto wa hapo anaielewa asilimia mapema kuliko silabasi inavyodhani. Tumuulize: mgao umepunguzwa kwa asilimia 40, kisha kilichobaki kikapunguzwa kwa asilimia 20, familia imebaki na asilimia ngapi ya mgao kamili? Kipotoshi ni 40, kwa anayejumlisha 40 na 20 akatoa kwenye mia. Jibu ni 48, na watu wazima wengi wenye shahada hukosea hapo.

Baada ya sekondari, mlango ni mwembamba zaidi. Mpango wa wanafunzi wakimbizi wa shirika la WUSC la Kanada, ulioanza 1978, umechukua vijana wengi kutoka Kakuma na Dadaab, ukitazama alama za KCSE na uwezo wa lugha. Elimisha Kakuma, mpango ambao Mary Maker aliyewahi kuwa mwalimu kambini ni mmoja wa waanzilishi wake, huwaandaa wahitimu kwa maombi ya vyuo vikuu vya Marekani. Humo mazoezi yana sura nyingine. Jaribio la Kiingereza la mtandaoni la Duolingo huongeza ugumu kila mtahiniwa anapojibu vizuri na kuupunguza anapokosea, nalo hutaka chumba kimya chenye mwanga, kamera, na intaneti isiyokatika. Katika kambi yenye makumi ya maelfu ya familia, vumbi na umeme wa kuhesabika, kukipata chumba hicho ni jaribio linalotangulia jaribio.

Mtaala wa umilisi, uliochukua nafasi ya 8-4-4, umeleta mgawanyo mpya: katika kumpangia mwanafunzi shule ya sekondari ya juu, KPSEA ina uzito wa asilimia 20, kazi za shuleni za gredi ya saba na ya nane asilimia 20, na KJSEA asilimia 60. Kwenye karatasi, hili linampunguzia mtoto mzigo wa siku moja ya kufa na kupona. Kwa Turkana lina pande mbili. Kazi za shuleni zinaweza kumpa alama mtoto anayejua kutengeneza kitu kwa mikono, jambo ambalo kivuli cha penseli hakikuweza. Lakini kazi hizohizo hudai vifaa, na shule isiyo na maabara itampeleka mtoto kwenye mkondo wa sayansi na uhandisi akiwa na mazoezi ya kusoma tu kuhusu vifaa asivyovishika.

Maabara ni ghali na huchukua miaka. Jarida la miaka ya 1970 halikuwa ghali. Lodwar sasa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, chenye wahadhiri na wanafunzi wanaoweza kukaa na majibu ya mtihani wa mwigo wa kaunti, wakatafuta swali lililowaangusha wengi na kipotoshi kilichowanasa. Kurasa nne kwa muhula zingetosha, moja kwa lugha, moja kwa hisabati, moja kwa sayansi, na ya mwisho ya maswali yaliyotumwa na walimu wenyewe kutoka Lokichoggio hadi Lokichar, zikichapwa kwa mashine ileile inayorudufu karatasi za mwigo.